Kuainisha Vitambaa Vizito vya Pamba Vilivyopaushwa: Niliyojifunza Kazini

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwasaidia waagizaji na wasafirishaji wa nguo kupata msimbo sahihi wa forodha wa mizigo yao, na katika bidhaa zote nilizowahi kuzishughulikia, kitambaa kizito cha pamba kilichopaushwa, yaani kilichofanywa cheupe kwa dawa, ndicho kilichonifunza zaidi. Ukikitazama kwa haraka hakina fumbo lolote. Ni cheupe, ni cha pamba, ni kizito, na mtu aliyeshika ankara iliyoandikwa "turubai nyeupe ya pamba" hujiona tayari amepata jibu. Nimeona mizigo ikikwama bandarini kwa sababu ya kujiamini huko. Ninachokiamini, na ambacho nitakieleza kwa kina, ni kwamba msimbo wa kitambaa hutafutwa kwenye kitambaa chenyewe: malighafi ya nyuzi zake, uzito wake, kazi iliyofanywa juu yake kiwandani, na namna nyuzi zake zinavyopishana. Ankara na nyaraka nyingine zinapaswa kuandikwa baada ya hayo kujulikana.

Msingi wa kazi hii ni Mfumo Uliowianishwa wa Maelezo na Misimbo ya Bidhaa, ambao wenye kazi yao huuita HS tu. Mkataba wake ulipitishwa Brussels tarehe 14 Juni 1983, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ambalo huurekebisha kila baada ya miaka kadhaa. Toleo lililoanza kutumika mwaka 2022 ndilo ninalolirejea hapa. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile katika kila nchi inayoufuata mfumo huu, kisha kila nchi huongeza zake kwa ajili ya viwango vya ushuru na takwimu, ndiyo maana orodha ya msingi ya Umoja wa Ulaya ina tarakimu nane na ya Marekani ina kumi. Pamba ina sura yake, ya 52, na vitambaa vyake vilivyofumwa vimepangwa katika vifungu vitano vya mwisho vya sura hiyo, kuanzia 5208 hadi 5212. Kitambaa tunachokizungumzia kinakaa katika kifungu 5209, ambacho ni cha vitambaa vilivyofumwa vyenye pamba asilimia 85 au zaidi kwa uzito, na vinavyozidi gramu 200 kwa mita ya mraba. Ndani ya kifungu hicho, vilivyopaushwa vimepewa nafasi tatu: 5209.21 kwa ufumaji wa kawaida, 5209.22 kwa twili (ufumaji wenye mistari ya mshazari) ya nyuzi tatu au nne, na 5209.29 kwa ufumaji mwingine wowote.

Maneno hayo machache yamebeba maswali manne, nami nimejizoeza kuyauliza kwa mpangilio wake bila kuruka hata moja: je, pamba ni kiasi gani, uzito ni upi, kitambaa kimepaushwa au la, na kimefumwaje. Mpangilio huo si wa kujipendea. Kanuni ya 1 ya tafsiri ya HS inataka kifungu cha tarakimu nne kipatikane kwanza, kwa maneno ya kifungu na maelezo ya kisheria ya sehemu na sura, na Kanuni ya 6 ndiyo inayoruhusu kushuka kwenye vifungu vidogo, vikilinganishwa vile tu vilivyo katika ngazi moja. Kwa hiyo aina ya ufumaji, ambayo ndiyo watu hupenda kuanza nayo kwa kuwa inaonekana kwa macho, ni swali la mwisho kabisa. Mtu anayeanza na "hii ni twili" anaweza kujikuta na 5208.23 (ya vitambaa vyepesi), 5209.22 au hata kitambaa kisicho cha sura ya 52, na kila kimoja akakiona kuwa sahihi.

Swali la malighafi ya nyuzi huonekana jepesi hadi pale muuzaji anapoandika "pamba" kwa maana ya "pamba zaidi". Vitambaa vingi vizito vyeupe vinavyotumika kwa sare za hospitali, mashuka ya hoteli na nguo za kazi huchanganywa na poliesta, na asilimia chache zinatosha kubadilisha kila kitu. Pamba asilimia 97 na elastani, yaani nyuzi zinazonyumbuka, asilimia 3 bado ni 5209. Pamba asilimia 80 na poliesta asilimia 20 ni kifungu 5211, na huko vilivyopaushwa vyote vina kifungu kidogo kimoja tu, 5211.20, bila kujali ufumaji. Kama hiyo asilimia 20 ni kitani badala ya poliesta, tunahamia 5212.22. Poliesta ya nyuzi fupi ikizidi pamba, kitambaa kinatoka kabisa katika sura ya 52 na kwenda sura ya 55, ambako mpaka wa uzito kwa mchanganyiko wa aina hiyo ni gramu 170 na si 200. Na hata vikiwa nusu kwa nusu, maelezo ya sehemu ya XI, yaani sehemu ya HS inayohusu nguo na vitambaa, yanatupeleka kwenye kifungu kinachokuja mwisho kwa mpangilio wa namba, yaani sura ya 55 tena. Nimewahi kuletewa jora ambalo kila karatasi yake ilisema pamba tupu. Nilichomoa nyuzi chache za upana na chache za urefu, nikazichoma kando kando juu ya kisahani. Za urefu ziliungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu; za upana zilijikunja mbele ya moto, zikayeyuka na kuacha kijiwe kigumu cheusi ambacho hakikusagika kati ya vidole. Kipimo hicho cha moto hakitoi asilimia, na hakuna afisa atakayekikubali kama ushahidi, lakini kinatosha kumwambia mteja apeleke sampuli maabara kabla ya kuwasilisha tamko, ambako pamba huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki ya asilimia 75 na kinachobaki hupimwa. Tangu hapo nimekuwa nikisisitiza kwamba nyuzi za urefu na za upana zichunguzwe kila upande peke yake, kwa kuwa mchanganyiko mara nyingi umejificha upande mmoja.

Nitakaa zaidi kwenye uzito, kwa sababu hapo ndipo migogoro mingi ninayoijua ilipozaliwa. Sheria inasema "unaozidi gramu 200". Kitambaa chenye gramu 200 kamili ni cha 5208. Kingekuwa kitambaa chenye gramu 120 au 340 hakuna ambaye angelumbana, lakini bahati mbaya biashara ya pamba nyeupe ya mashuka mazito, turubai nyepesi na vitambaa vya drili imejaa bidhaa zinazozunguka mpaka huohuo, na sababu mojawapo ni kwamba sehemu kubwa ya biashara bado inahesabu kwa wakia na yadi.

Wakia moja kwa yadi ya mraba ni takriban gramu 33.9 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo kitambaa kinachouzwa kama cha wakia 6 kina gramu 203 na kidogo, yaani kimevuka mpaka kwa uzito mdogo sana. Viwanda kwa kawaida hukubaliana na wanunuzi juu ya tofauti inayovumilika, na ikiwa tofauti hiyo ni asilimia 5 juu au chini, kitambaa cha wakia 6 kinaweza kufika kikiwa na gramu 193 au 213 na bado kikawa kimetimiza mkataba wa mauzo. Mnunuzi hana la kulalamika, lakini forodha inaweza kuwa na bidhaa mbili tofauti ndani ya kontena moja. Nilipata kusimama mbele ya afisa wa forodha aliyeshika karatasi ya maelezo ya kiwanda yenye namba 203, akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, uzito huu mmeupima wapi, kwenye kitambaa hiki au kwenye kompyuta?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Namba ile ilikuwa ya kubadilisha wakia kuwa gramu, na siku hiyo jora lenyewe lilikuwa bado halijawekwa kwenye mizani na mtu yeyote kati yetu.

Kuna mtego mwingine wa wakia ambao ni mkubwa kuliko huo. Wauzaji wengine hutaja wakia kwa yadi ya urefu, si ya mraba, yaani uzito wa kipande chenye urefu wa yadi moja na upana wote wa jora. Jora lenye upana wa inchi 58 likitajwa kuwa la wakia 8 kwa yadi ya urefu, mtu asiyeuliza atapiga hesabu na kupata zaidi ya gramu 270, akaridhika kwamba ni kitambaa kizito. Ukigawa kwa upana, unapata chini ya wakia 5 kwa yadi ya mraba, ambazo ni takriban gramu 168. Hicho ni kitambaa cha 5208, tena mbali kabisa na mpaka. Kwa sababu hiyo siku hizi sikubali namba yoyote ya uzito isiyoambatana na upana wa jora na maneno yanayoonyesha ni uzito wa eneo gani.

Halafu kuna maji. Pamba hunywa unyevu wa hewa na kuuachia, na kitambaa kilekile hakina uzito mmoja asubuhi ya mvua na mchana wa jua kali. Chukua kitambaa chenye gramu 198 kikiwa na unyevu wa asilimia 8 ya uzito wake mkavu. Kikikaa kwenye ghala lenye hewa nzito hadi unyevu ukafika asilimia 12, kitapima takriban gramu 205. Hakuna uzi ulioongezwa, ila kifungu kimebadilika. Ndiyo maana maabara za nguo huacha sampuli zitulie kwanza katika hewa ya kawaida iliyowekwa na kiwango cha ISO 139, yaani nyuzijoto 20 na unyevunyevu wa hewa wa asilimia 65, kabla ya kupima. Mteja anapoleta cheti cha maabara, mimi huitafuta sentensi hiyo ya hali ya hewa kabla ya kuitazama namba yenyewe, na cheti kisichoitaja hukirudisha.

Kifaa chenyewe cha kupimia ni cha kawaida sana na ninashauri kila anayeagiza vitambaa awe nacho. Ni kikata duara ambacho hukata kisahani cha kitambaa chenye eneo la sentimita za mraba 100, kipenyo chake kikiwa takriban sentimita 11.3. Unaweka kitambaa juu ya mkeka wake, unabonyeza, unazungusha, na kisahani kinabaki mkononi kikiwa na ukingo safi. Uzito wake kwa gramu ukizidishwa mara 100 ndio uzito wa mita ya mraba: kisahani cha gramu 2.03 kinakupa 203. Kutokana na hesabu hiyo utaona kwamba mizani isiyosoma hata sehemu moja ya mia ya gramu haina kazi hapa, kwa kuwa kosa la gramu 0.01 ni kosa la gramu nzima kwa mita, na kitambaa cha mpakani hakivumilii hilo. Visahani vikatwe sehemu mbalimbali za upana, mbali na kingo za jora ambazo mara nyingi zimefumwa kwa msongamano zaidi, na mbali na mwisho wa jora ambako kitambaa kimevutwa na mashine. Tena vikatwe kwenye majora kadhaa.

Jambo la mwisho kuhusu uzito nililipata kwa fundi mmoja mzee wa kiwanda cha kupausha, na sikulikuta katika kitabu chochote cha forodha. Kitambaa ghafi kinapotoka kwenye mtambo wa kufumia huwa kimebeba wanga uliopakwa nyuzi za urefu ili zisikatike, pamoja na nta ya asili ya pamba. Kabla ya kupaushwa, wanga huo huondolewa na nta huchemshwa ikatoka, na kitambaa hupungua uzito. Wakati huohuo maji ya moto hukifanya kijikunyate, nyuzi zikakaribiana, na uzito kwa mita ukapanda. Kinachoshinda kati ya nguvu hizo mbili hutegemea kitambaa na namna kilivyovutwa wakati wa kukaushwa. Kwa hiyo namba ya kitambaa ghafi haiwezi kutumika kwa kitambaa hichohicho kilichopaushwa, na bado nimeona wauzaji wengi wakiinakili kutoka karatasi moja hadi nyingine, kwa nia njema kabisa, wakidhani kwamba rangi ndiyo pekee iliyobadilika.

Tukifika kwenye kupaushwa kwenyewe, macho ya kawaida ni shahidi dhaifu. Maelezo ya vifungu vidogo ya sehemu ya XI yanakihesabu kitambaa kuwa kimepaushwa ikiwa kilipaushwa kikiwa jora, au kilitiwa rangi nyeupe au kupakwa dawa nyeupe ya kumalizia kikiwa jora; au kimefumwa kwa nyuzi zilizopaushwa; au kimefumwa kwa nyuzi zilizopaushwa zikichanganyika na zisizopaushwa. Sehemu hiyo ya mwisho huwashangaza wengi. Nyuzi nyeupe za urefu zikipishana na nyuzi za upana za rangi ya asili ya pamba, kitambaa huonekana kina milia au kivuli cha samli, na mtu huwa mwepesi kukiita cha nyuzi za rangi mbalimbali na kukipeleka 5209.41 au jirani zake. Sheria inakiita kilichopaushwa. Kwa upande mwingine, kitambaa ghafi kilichopakwa dawa ya kumalizia isiyo na rangi, au hata rangi ya muda inayotoka kwa kufua, kinabaki kuwa kisichopaushwa.

Ugumu unakuja kwa vitambaa vya rangi ya maziwa, ambavyo kiwanda kimoja kitaviita vimepaushwa nusu na kingine kitaviita vimechemshwa tu. Kuchemsha na kuondoa nta hakutoshi kuwa kupausha. Lazima pawe na dawa iliyoshambulia rangi ya asili ya pamba, na siku hizi dawa hiyo mara nyingi ni haidrojeni peroksaidi. Vipimo vyangu vya mezani ni vitatu na vyote ni vya kunipa mwelekeo tu. Kwanza nadondoshea tone la maji: kwenye kitambaa ghafi cha aina ya merikani tone hukaa juu likiwa mviringo kwa muda, kwa sababu nta bado ipo, na kwenye kilichosafishwa hunywewa mara moja. Hiyo inaniambia kama nta imetoka, haisemi kama rangi imeondolewa. Kwa hiyo pili ninaangalia kwa lenzi vile vidoa vidogo vya kahawia vya maganda ya mbegu ya pamba. Kwenye kitambaa kilichopaushwa kikamilifu huwa havionekani au vimefifia sana. Tatu ninazima taa na kumulika kwa taa ya miale ya urujuanimno, na kikiwaka kwa weupe wa kibuluu najua kimetiwa kemikali ya kung'arisha. Kutowaka hakumaanishi kwamba hakikupaushwa, kwa sababu kitambaa kilichoandaliwa kwenda kutiwa rangi hupaushwa makusudi bila kemikali hiyo. Baada ya hapo ninaomba kiwanda maelezo ya maandishi ya hatua zote zilizofanyika, na hayo ndiyo ninayoyaweka mbele ya forodha.

Kuna suala dogo la kingo ambalo limewahi kumsumbua mteja wangu kwa wiki nzima. Jora lilikuwa jeupe tupu, isipokuwa mstari mwembamba wa buluu uliofumwa kwenye ukingo kama alama ya kiwanda, na mtu aliyelikagua alidai kwamba nyuzi zilizopaushwa zikikutana na nyuzi za rangi, kitambaa ni cha nyuzi za rangi mbalimbali. Maneno hayo ni ya kweli, ila maelezo yaleyale ya sehemu ya XI yanaendelea na kusema kwamba nyuzi za kingo na za miisho ya jora hazihesabiwi. Tulimwonyesha sentensi hiyo na mzigo ukatolewa. Ninaipenda sentensi hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba walioandika maelezo haya walikuwa wameshika majora halisi mikononi.

Sasa ufumaji. Ufumaji wa kawaida unaelezwa kisheria kwa usahihi mkubwa: kila uzi wa mshindio, yaani wa upana, hupita juu na chini ya nyuzi za mtande, yaani za urefu, zinazofuatana, mmoja baada ya mwingine, na kila uzi wa mtande hufanya vivyo hivyo kwa nyuzi za mshindio. Twili huonekana kwa mistari yake ya mshazari. Ya nyuzi tatu ni ile ambamo uzi hupita juu ya mbili na chini ya mmoja, na ya nyuzi nne ni mitatu juu na mmoja chini, au miwili juu na miwili chini. Satini ya nyuzi tano, ambayo uso wake ni laini na unaong'aa, haiingii katika hizo na huenda 5209.29, pamoja na vitambaa vyenye michoro ya kufumwa.

Mahali ninapopunguza mwendo ni kwenye turubai. Nyingi hufumwa kwa nyuzi mbili za mtande zikienda pamoja bega kwa bega, na kwa umbali zinaonekana sawasawa na ufumaji wa kawaida. Nikiweka kioo cha kuhesabia nyuzi juu yake na kuchokoa kwa sindano, naona kwamba uzi wa mshindio unapita juu ya nyuzi mbili kwa mpigo, kisha chini ya mbili. Kwa kusoma maneno ya sheria kama yalivyo, kila uzi haupishani na uzi mmoja mmoja, na hivyo kitambaa hicho hakitimizi sharti la 5209.21. Nyakati nyingine zile zinazoonekana kuwa nyuzi mbili ni uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi mbili, na hapo jibu linageuka, kwa kuwa uzi uliosokotwa pamoja ni uzi mmoja. Tofauti hiyo haionekani bila kuchomoa uzi na kujaribu kuufumua kwa kuuzungusha kinyume cha msokoto wake. Wateja hunisikitikia wanaponiona nimeinama juu ya jora kwa muda mrefu na sindano mkononi, lakini hakuna njia ya mkato.

Hata majibu yote manne yakipatikana, kitambaa bado kinaweza kutolewa katika sura ya 52 na jambo lililofanywa juu yake. Turubai nyeupe ya wachoraji ni mfano ninaoupenda: ikiwa haijapakwa kitu ni 5209, na ikishapakwa msingi mweupe wa kuchorea juu yake ni 5901. Kitambaa cha kuwekea nyuma ya mapazia kilichopakwa plastiki nyeupe upande mmoja huenda 5903, mradi tabaka hilo linaonekana kwa macho bila kifaa. Lisipoonekana, kitambaa kinabaki pale kilipokuwa, na mabadiliko ya rangi peke yake hayahesabiwi kuwa kuonekana. Kitambaa cha taulo chenye vitanzi huenda 5802, na koduroi 5801. Vipande vilivyokatwa mstatili tu bado ni kitambaa, lakini vikishakunjwa pindo na kushonwa vinahesabiwa kuwa bidhaa zilizotengenezwa, na shuka lenye pindo ni la 6302.

Watu huniuliza kwa nini tuhangaike hivi ikiwa kiwango cha ushuru cha 5208 na cha 5209 katika nchi fulani kinalingana. Hawajakosea kuuliza. Ila viwango si vilevile kila mahali, na ushuru si kitu pekee kinachofuata msimbo. Katika miaka ya mgawo wa nguo, chini ya mpangilio wa kimataifa ulioanza mwaka 1974 na hatua zake za kuondolewa zilizokamilika mwisho wa mwaka 2004, aina ya kitambaa iliweza kuamua kama mzigo utaingia nchini au utabaki nje. Leo ushuru wa kuzuia uuzaji wa bei ya chini kupita kiasi hutozwa kwa kutaja bidhaa na misimbo, na vyeti vya uasili, vinavyoonyesha nchi bidhaa ilikotoka, hutegemea msimbo moja kwa moja. Mwagizaji aliyenunua kitambaa ghafi cha 5209.11 na kukipausha hupata kitambaa cha 5209.21. Lakini ikiwa mkataba wa biashara unadai bidhaa ibadilike kifungu cha tarakimu nne ili ihesabiwe kuwa ya nchi husika, kupausha peke yake hakutimizi sharti hilo, maana tarakimu nne ni zilezile. Nimewaeleza hivyo wenye viwanda waliokuwa tayari wamepanga bei zao kwa kutegemea nafuu hiyo, na si habari njema kuipeleka.

Kwa vitambaa vya mpakani ninawahimiza wateja waombe uamuzi wa awali wa forodha kabla mzigo haujaondoka. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, umeweka utaratibu huo katika kifungu chake cha 3, na uamuzi unaotolewa huifunga mamlaka iliyoutoa kwa mwombaji yule na bidhaa ile. Ombi liambatane na kipande cha kitambaa kikubwa cha kutosha kukatwa visahani kadhaa, cheti cha maabara, na maelezo ya kiwanda ya hatua za kupausha. Kipande kingine cha jora lilelile kibaki kwa mwagizaji, kimefungwa, kimeandikwa namba ya jora na kusainiwa na pande zote mbili, kwa sababu shehena inayofuata italinganishwa nacho.

Na kwenye ankara, badala ya "turubai nyeupe", ninamwomba muuzaji aandike hivi: kitambaa kilichofumwa, pamba asilimia 100, kilichopaushwa kikiwa jora, ufumaji wa kawaida, gramu 212 kwa mita ya mraba katika hali ya hewa ya kawaida ya maabara, upana sentimita 150, hakijapakwa tabaka lolote, kipo katika majora. Wauzaji wengine hulalamika kwamba ni maneno mengi kwa mstari mmoja. Ninawaonyesha kwamba kila neno hapo linajibu swali ambalo afisa atauliza, na kwamba likikosekana moja, atalazimika kufungua kontena ili alitafute yeye mwenyewe.